Kichri ya Choroko: Ayurveda Ndani ya Sufuria Moja

Leo ninaandika juu ya sufuria moja tu ya kichri, ule wali laini unaopikwa pamoja na choroko, kwa sababu karibu kila kanuni ya jikoni ya Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi, imo ndani yake. Anayeanza kuisoma elimu hii hupewa orodha kwanza, kufuata aina tatu za maumbile ya mwili, yaani vata, pitta na kapha: wewe ni vata, usile hiki, wewe ni pitta, acha kile. Orodha hizo zinachosha, na nyingi zimejaa mboga za Ulaya ambazo ukizunguka Kariakoo au Kongowea kutwa nzima huzioni. Kinachonivuta mimi ni kanuni ambayo orodha haziisemi: mkono wa mpishi hubadilisha tabia ya chakula.

Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vikuu vya kale vya tiba ya Kihindi, kinataja mambo manane ya kutazamwa katika kula: asili ya chakula, matayarisho yake, kinachochanganywa nacho, kiasi, mahali, wakati, utaratibu wa kula, na mlaji mwenyewe. Matayarisho, yaani samskara, yamewekwa pale pale baada ya asili. Maana yake ni kwamba kuloweka, kuosha, kukaanga na kuunga kwa samli ni kazi za tiba, sawa na kuchagua cha kununua. Jamii ya kunde kwa asili huwa na ukakasi na huleta gesi. Mpishi anayejua kazi yake huzipunguzia tabia hiyo hatua kwa hatua.

Choroko yenyewe imechaguliwa kwa makusudi. Kitabu hicho hicho kinaihesabu kuwa bora katika jamii yake. Kwa mgonjwa au mtoto tumia zilizokobolewa na kupasuliwa, zile za njano, kwa kuwa ganda ndilo gumu kusagika tumboni. Ukiwa na za kijani nzima, loweka kwa muda wa saa nane. Zilizopasuliwa, nusu saa mpaka saa moja inatosha. Maji ya kulowekea yamwage yote. Yamebeba sehemu ya zile sukari ambazo tumbo la mtu haliwezi kuzimeng'enya, zikifika utumbo mpana vijidudu huzichachua, na hapo ndipo gesi inapotoka. Kisha osha mpaka maji yawe maangavu.

Mchele nao una umri wake. Ayurveda husifu nafaka iliyokaa ghalani mwaka mmoja na kuiona nyepesi kuliko ya mavuno mapya, na mpishi yeyote wa pwani anajua kwamba mchele mpya hugandamana na wa zamani huchambuka.

Kwa watu wanne pima kikombe kimoja cha mchele, nusu kikombe cha choroko za njano, maji vikombe sita, manjano nusu kijiko cha chai, tangawizi mbichi ya urefu wa kidole gumba iliyokwaruzwa, na chumvi kijiko kimoja cha chai. Kwa kuunga: samli vijiko viwili vya mezani, mbegu za haradali nyeusi nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba (jira) kijiko kimoja cha chai, na mvuje (hing, utomvu mkavu wenye harufu kali) kiasi cha kubana kwa ncha za vidole viwili. Anayetoka kwenye homa mpikie mchele na choroko kwa vipimo sawa, maji vikombe vinane, bila haradali, na samli kijiko kimoja.

Choroko na mchele vikishachuja maji, vikaange vikavu kwenye moto mdogo dakika tatu au nne, ukigeuza bila kuacha, hadi harufu ipande. Vitabu vya kale vinasema nafaka iliyokaangwa kabla ya kuchemshwa huwa nyepesi zaidi, na ladha peke yake inatosha kukushawishi. Ongeza maji, manjano, tangawizi na chumvi. Yakichemka, povu litapanda. Litoe kwa mwiko. Punguza moto, funika ukiacha upenyo, na subiri dakika thelathini hadi arobaini. Kichri iliyoiva haina punje inayosimama peke yake: ukiburuza mwiko chini ya sufuria, njia inafunguka kisha inajifunga taratibu.

Hapa watu wengi hukwama na choroko ngumu isiyoiva. Sababu ya kwanza ni uchachu. Nyanya, ukwaju au ndimu vikitangulia sufuriani, asidi yake huimarisha kuta za punje zisilainike. Ndimu ikamuliwe mwisho, sufuria ikiwa chini ya moto. Sababu ya pili ni maji magumu ya kisima, yale yanayoacha ukoga mweupe kwenye birika; madini yake hufanya kazi ile ile. Chota maji mengine. Sababu ya tatu ni choroko iliyokaa dukani miaka, na hiyo haina dawa.

Sasa tuje kwenye kuunga, ile kazi ambayo Wahindi wa kaskazini huiita tadka na Wagujarati vagar. Harufu na nguvu za viungo hivi nyingi huyeyuka kwenye mafuta, wala si kwenye maji, kwa hiyo ukivitupa tu kwenye mchuzi unachemka, nusu ya ulichonunua umekipoteza. Pasha samli kwa moto wa wastani. Tupia mbegu moja ya haradali: ikipasuka papo hapo, tia zilizobaki na ushike kifuniko karibu, zinaruka. Milio ikianza kupungua, tia bizari nyembamba. Hiyo hugeuka rangi ya kahawia ndani ya sekunde kumi na tano hivi. Epua, tia mvuje kwenye samli ile ile ya moto, hesabu mpaka tatu, mimina yote kwenye kichri na ufunike dakika mbili ili harufu isitoroke.

Mpangilio huo hauvumilii kugeuzwa. Bizari ikitangulia, itaungua kabla haradali haijapasuka, na bizari nyeusi ni chungu kiasi cha kuharibu sufuria nzima. Haradali isiyopasuka hubaki ngumu mdomoni na ina uchungu wake. Samli ikishatoa moshi imwage, anza upya. Mvuje nao usizidishe: ukiwa kidogo hufanana na kitunguu kilichoiva, ukizidi unakuwa kama dawa. Ule wa unga wa kopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, kwa hiyo asiyetakiwa kula ngano asome lebo kwanza.

Kitunguu na kitunguu saumu sikuviweka, na hapa kuna jambo ambalo huchanganywa mno. Kuvikataa kunatoka kwa watawa na wapishi wa mahekalu, wanaoamini kwamba vinachafua utulivu wa akili. Waganga wa Ayurveda hawakuvikataa. Saumu wanaihesabu kuwa dawa, hasa ya vata. Hata nyama imo katika vitabu vyao, na supu ya nyama wanaiagiza kwa aliyedhoofika. Asiyekula nyama ana sababu zake nzuri, lakini asidhani Ayurveda ndiyo iliyomkataza.

Ladha ni sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na kakasi. Mlo kamili unazigusa zote. Kichri ina utamu wa wali, ukakasi wa choroko, chumvi, ukali wa tangawizi, uchachu wa ndimu. Uchungu ndio unaokosekana, na kwetu haupo mbali: nyanya chungu mbili zilizokatwa na kukaangwa kwa samli, au majani ya uwatu kiganja kimoja yakitiwa dakika tano kabla ya kuepua.

Mlaji ndiye anayesogeza vipimo. Mwenye vata, yule mkavu wa ngozi ambaye tumbo lake hujaa upepo, mwongezee samli, maji na tangawizi. Mwenye pitta, mtu wa joto na kiungulia, mtolee haradali, punguza tangawizi nusu, weka giligilani na shamari badala yake. Wa kapha, mzito na mwenye makohozi, mchele wake upungue, choroko izidi, samli iwe kijiko kimoja, na asagiwe pilipili manga juu. Haya yote ni ya jikoni. Anayetumia dawa za kisukari au moyo asiziache kwa ajili ya sufuria, na samli aiulizie kwa daktari wake.

Misimu, kwa maoni yangu, ndiyo inayohitaji akili kuliko yote. Kalenda ya vitabu hivyo ni ya India. Vinasema agni, moto wa tumbo, huwa na nguvu wakati wa baridi na hulegea wakati wa mvua. Ukiwa Njombe au Limuru mwezi Julai, unaweza kula kizito bila kujuta. Dar es Salaam wakati wa masika, kichri ya majimaji ndiyo yako. Vyovyote iwavyo, kula mchana ikiwezekana, ukiwa na njaa ya kweli, na uache theluthi ya tumbo bila kitu, kama Charaka anavyoagiza. Kipande chembamba cha tangawizi chenye chumvi kabla ya chakula huamsha hamu.

Mtindi ni mwenza wa asili wa kichri, ila vitabu vinakataza kuula usiku na kuupasha moto. Ufanye maziwa ya kupiga: mtindi sehemu moja, maji tatu, piga kwa mchapo mpaka siagi ielee, itoe, kisha tia chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa. Unywe pembeni. Ukiumimina kwenye sufuria iliyo motoni utakatika, na mabonge yake hayarudi kuwa laini.