Jinsi Nilivyopata Jiko la Kuchomea Nyama Linalohimili Upepo wa Dodoma

Anayetaka kuchoma nyama nje hapa Dodoma hana budi kuufikiria upepo kabla ya kufikiria bei. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo mkavu hupuliza karibu kila alasiri, nyasi zimekauka, na cheche moja inaweza kuteketeza pori zima. Familia yangu hupenda kwenda kwenye bwawa la Hombolo, na mara nyingine bwawa la Mtera katika barabara ya Iringa, kwa hiyo nilihitaji jiko linaloenea kwenye buti la gari dogo, linalotosha watu wanane, na lisilomwaga moto.

Nilianza kwa kuangalia yaliyopo madukani. Majiko ya kukunja ni mepesi na yanavutia, lakini mengi yametengenezwa kwa bati jembamba linalopinda likishapata moto, na kwa kuwa yako wazi pande zote, upepo huyamaliza makaa kabla nyama haijaiva. Gesi niliiacha mapema: mtungi wa kilo 6 hauna budi kusafirishwa ukiwa wima, na upepo huuyumbisha mwali kiasi kwamba upande mmoja wa nyama unaungua na mwingine unabaki mbichi.

Jibu nililipata Msalato, kwenye mnada wa Jumamosi. Nilisimama kando ya wachomaji na kuangalia jinsi wanavyoweka mapande makubwa ya mbuzi mbali na makaa, wakiyaacha yaive taratibu na kuyageuza bila haraka. Nikaona kwamba ninachohitaji ni kina cha jiko na uwezo wa kuudhibiti moto, wala si ukubwa wake. Hapo nikaamua kumpelekea fundi wa kuchomelea mchoro wangu: sanduku la urefu wa sentimita 50, upana wa 30 na kina cha 20, lenye mfuniko wa bawaba, miguu inayokunjwa, na vidirisha viwili vya hewa vinavyofungwa na kufunguliwa, ili upande unaoelekea upepo ufungwe na ule wa pili uachwe wazi.

Tulijadiliana zaidi kuhusu vyuma. Fundi alipendekeza mabati yanayotumika kuezekea, kwa kuwa hayashiki kutu. Nilikataa, kwa sababu yamepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaodhuru mapafu. Tukakubaliana bati jeusi la milimita 2, bila rangi ndani. Kwa ajili ya wavu alitaka kutumia nondo nyembamba. “Dada, nondo haipindi hata ukiweka mbuzi mzima,” aliniambia, na ni kweli haipindi, lakini ile mikunjo yake hushika mafuta na masizi ambayo hayasuguliki. Nikanunua vyuma laini vya chuma cha pua vya milimita 6, akavipanga kwa nafasi ya sentimita moja na nusu, nafasi ambayo kipande cha mshikaki hakiwezi kupenya. Chini yake kuna wavu wa pili wa kubebea mkaa, ulioinuliwa kidogo kutoka sakafuni ili majivu yadondoke na hewa ipite. Kati ya makaa na nyama pana sentimita 12 hivi. Kabla ya kulipikia, nililipaka mafuta ya kula ndani na kuliwasha likiwa tupu mpaka moshi ukakoma.

Katika vifaa vya ziada, ninachokithamini kuliko vyote ni kopo kubwa la maziwa ya unga lililotobolewa matundu chini na pembeni. Karatasi huwekwa chini yake na mkaa juu, na baada ya dakika kama 20 makaa yote yamevaa jivu la kijivu, tayari kumwagwa jikoni. Mafuta ya taa hayahitajiki, na harufu yake haiingii kwenye chakula. Mkaa nauchagua kwa kugonganisha vipande viwili: ulio mgumu hulia kama chuma na hudumu muda mrefu.

Vijiti vya mishikaki nilichukua vilivyo bapa, kwa sababu kwenye vya duara nyama huzunguka yenyewe kila ukigeuza. Perege wa Mtera hushika kwenye wavu, kwa hiyo nina wavu wa kubana wenye mpini, ambao humgeuza samaki bila kumvunja. Koleo ndefu ni ya lazima. Uma hutoboa nyama na kumwaga maji yake. Kwa kuku natumia kipimajoto, naye haondoki motoni kabla nyuzi 74 hazijafika kwenye sehemu nene ya paja. Mishikaki haihitaji uangalizi huo.

Huwa nabeba pia dumu la maji na ndoo ya chuma yenye mfuniko kwa ajili ya majivu. Kabla ya kuondoka nayamwagia makaa maji, nayakoroga, kisha nayamwagia tena mpaka niweze kuyashika kwa mkono. Jiko haliingii garini likiwa na joto lolote, kwa sababu makaa yanayofukuta hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto hukaa nyuma karibu na buti.

Kilichobaki ni mfuko wa turubai wa kulibebea, ambao nimeshaagiza kwa fundi anayeshona viti vya magari.