Usia wa Ijumaa kwa Waziri Mkuu Mpya

Ijumaa ya tarehe 8 Februari 2008 nilikuwa Dodoma, nimesimama nje ya ukumbi wa Bunge, mhariri wangu aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam akitaka makala ya kumwusia Waziri Mkuu mpya, tena impate kabla ya jioni. Jana yake Waziri Mkuu Edward Lowassa alikuwa ametangaza kujiuzulu kufuatia ripoti ya Kamati Teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, huku akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Sasa Bunge lilikuwa limekwisha kumthibitisha Mizengo Pinda kwa kura nyingi mno, na waheshimiwa walitoka wakipeana mikono kana kwamba ya jana yalikuwa ya mwaka juzi.

Mhariri alikuwa na usia wake tayari. "Mwambie awe mkali kama Sokoine, kaka," alisema, akimkusudia Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa zamani, akakata simu.

Nilifungua nakala yangu ya Katiba, iliyochakaa na kujaa mistari ya kalamu nyekundu, nikaanzia ibara ya 52. Waziri Mkuu amepewa udhibiti, usimamiaji na utekelezaji wa siku hadi siku wa kazi za Serikali, lakini papo hapo hutekeleza lolote atakaloagizwa na Rais. Huteuliwa na mmoja, huthibitishwa na wengi, na ibara ya 53A inaliruhusu Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani naye. Akijiuzulu, mawaziri wote hupoteza nafasi zao, kama tulivyoshuhudia. Niliandika kwamba mtu aliyekalia kiti cha namna hiyo hafaidiki sana na sauti nzito. Kinachomfaa ni kujua kila barua inayotoka ofisini kwake imeandikwa na nani, kwa idhini ya nani, na nakala yake imo katika jalada gani.

Aya ya Sokoine ndiyo iliyonichukua muda. Vita yake ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi ilimjengea heshima ambayo kifo chake cha ajali, tarehe 12 Aprili 1984, kiliizidisha, nami sina ugomvi na heshima hiyo. Hata hivyo, watu walianza kukamatwa Machi, sheria ikatungwa Aprili na kurudishwa nyuma ili iwaguse waliokwisha kukamatwa. Mwaka uliofuata ikabidi itungwe nyingine mahali pake. Nikamwomba Waziri Mkuu mpya aurithi uadilifu wa Sokoine, ila kabla ya kukamata mtu aulize sheria iko wapi.

Usiku tulibishana sana kwa simu. Mhariri aliondoa Machi na Aprili, akiniambia kwamba msomaji wa Jumamosi hataki tarehe, lakini barua na majalada akayaacha, nadhani kwa sababu hakuyaona kuwa na madhara. Pinda aliapishwa siku hiyo makala ilipotoka, chini ya kichwa cha habari kilichomtaka akaze buti.