Nilivyoandaa igizo la maisha ya Lucy Lameck shuleni kwetu Moshi

Kazi ya Siku ya Wanawake, ile ya tarehe 8 Machi, iliniangukia mimi. Shuleni kwetu kawaida yake inajulikana: risala, ngonjera, kwaya, wanafunzi wanapigwa jua na mgeni rasmi anachelewa. Nikamwomba mkuu wa shule aniruhusu nifanye igizo moja tu, la maisha ya mtu mmoja, na awe mtu wa hapa hapa. Kumpata hakukunisumbua. Lucy Lameck alizaliwa Njoro, Moshi, mwaka 1934, na baadhi ya wanafunzi wangu wanapita Njoro kila asubuhi ndani ya daladala.

Kilichonisumbua ni namna anavyoandikwa. Mengi utakayoyasoma kumhusu yamekaa kama wasifu wa marehemu: mmoja wa wanawake wa kwanza serikalini, mbunge tangu 1960 hadi 1980, naibu waziri, mtetezi wa wanawake, alifariki 1993. Niliwasomea mabinti wa klabu yetu ya shule, kidato cha tatu. Waliandika kwenye madaftari kwa adabu zote, na kwa macho yao nikajua hakuna kilichoingia. Sikuwalaumu. Binti ambaye tangu yuko shule ya msingi anamwona Rais Samia kwenye taarifa ya habari, ukimwambia fulani alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa naibu waziri, atakuitikia tu, "Sawa mwalimu."

Basi vyeo nikaviweka kando, nikaanza na kazi alizozifanya kabla ya vyeo. Alisomea uuguzi akafuzu. Halafu akauacha, kwa sababu hakutaka kuutumikia utawala wa Waingereza. Akaingia kazi ya kupiga taipu na ukatibu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilichoanzishwa 1933.

Hapo darasa likachangamka. "Aliacha unesi?" Unesi jamani! Huku kwetu mtoto akichaguliwa kwenda uuguzi ukoo mzima unapigiwa simu. Mmoja akasema huyo dada alikuwa na jeuri. Mwenzake akamjibu kwamba jeuri ni ya mtu asiye na pa kwenda, huyu alikuwa na pa kwenda. Wa tatu, ambaye mama yake ni nesi, alinyamaza muda mrefu kisha akauliza: wagonjwa je, walikosa nini? Niliwaacha wabishane kipindi kizima, na ubishi ule ndio tuliougeuza kuwa onyesho la kwanza, karibu neno kwa neno.

Kisha nikawatuma nyumbani kwa bibi zao. Kwa mwalimu mwenzangu atakayejaribu: usimtume mtoto akaulize "Bibi, unamkumbuka Lucy Lameck?" Atajibiwa kwamba alikuwa mama shupavu, na mazungumzo yameishia hapo. Watume wakaulize habari za kahawa. Bibi mmoja, jirani wa mwanafunzi wangu, alimwambia hivi:

"Mjukuu wangu, kahawa tulichuma sisi, tukaimenya, tukaiosha, tukaianika, mvua ikija tunakimbia kuianua. Siku ya malipo anakwenda babu yako, maana jina lililoko chamani ni lake. Bei ya kahawa tuliijua kwa anavyorudi. Akirudi na sukari na kitenge, bei nzuri. Akirudi anaimba, basi, imeishia njiani."

Mtoto alinisomea hayo kutoka kwenye daftari huku anacheka, nami nikayachukua yote. Onyesho la pili likawa la pande mbili: huku akina mama wanachambua kahawa kwenye ungo, kule Lucy wetu anapiga taipu orodha ya wanachama, anaisoma kwa sauti, na kila jina ni la mwanamume. Onyesho hilo tulilitunga wenyewe, na msimulizi aliwaambia watazamaji hivyo waziwazi. Sipendi michezo ya shule inayomtilia marehemu maneno mdomoni kisha watoto wakayaandika kwenye mtihani.

Vifaa havikutugharimu sana. Gauni na viatu tulivipata mitumbani, soko la Memorial, kofia ya nesi tukaikata kwenye karatasi ya manila. Mashine ya taipu aliniazima wakili mmoja mzee wa mjini, baada ya kunihoji kama natafuta dhamana ya mshtakiwa. Ilikuwa nzito, herufi mbili zimeganda, lakini kengele yake ilikuwa nzima. Mabinti hawakuwahi kuona kitu kama hicho: unagonga, mstari ukikaribia mwisho kengele inalia "ting", unasukuma chuma kwa mkono karatasi inarudi mwanzo. Waligombea zamu. Kengele ile ikatusaidia kuliko pazia. Ikilia, onyesho limebadilika.

TANU, chama kilichopigania uhuru, masomo ya Ruskin College kule Oxford, Uingereza, kisha Western Michigan University nchini Marekani, hivyo tulivipitisha haraka kwa binti mmoja kuvuka jukwaa na sanduku, anakwenda na kurudi. Watazamaji walielewa.

Kitu ambacho hata mimi sikuwa nimekitilia maanani kilionwa na msichana aliyepewa kazi ya kupanga matukio ubaoni. Baada ya uhuru Lucy Lameck alikuwa naibu waziri wa ushirika na maendeleo ya jamii, baadaye naibu waziri wa afya. Alisimama na chaki mkononi akageuka. "Mwalimu, si ndizo kazi zake zilezile?" Kweli. Karani wa ushirika amerudi juu ya ushirika, na nesi aliyevua kofia amerudi juu ya hospitali zote. Tukabadilisha mwisho wa igizo siku hiyo hiyo: kofia ya manila, iliyokaa pembeni ya meza tangu onyesho la kwanza, naibu waziri anaichukua na kuiweka juu ya mafaili yake.

Siku yenyewe mgeni rasmi alichelewa, kama kawaida, na igizo likachezwa kwa dakika ishirini. Nilitenga muda wa maswali, jambo ambalo wenzangu walilipinga wakisema watoto watatuaibisha. Mvulana wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Kama alikuwa hodari hivyo, kwa nini naibu tu?"

Akina mama waliokaa mbele walipiga makofi kabla sijafungua mdomo. Nilimjibu kwa tarehe: Tanganyika ilipata uhuru 1961, na wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili, Julie Manning wa sheria na Tabitha Siwale wa ardhi, waliteuliwa 1975. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Miaka kumi na minne," akakaa.

Klabu imeshachagua igizo lijalo, la Julie Manning. Wakili amekubali kutuazima na joho.