Dakika Tano za Kompresa

Tulikuwa tumefunga programu ya kuendesha chumba cha baridi cha kuhifadhia sangara, upande wa Kirumba, Mwanza. Sharti kubwa lilikuwa moja: kompresa, mashine inayogandamiza gesi ya kupoozea, ikizimika isiwashwe tena kabla ya dakika 5. Fundi yeyote wa majokofu anajua kwa nini. Mgandamizo wa gesi bado haujasawazika pande mbili, mota inalazimika kuanza kwa kusukumana nao, inavuta umeme kupita kiasi na koili inaweza kuungua. Sharti la pili lilihusu mlango na king'ora.

Yote mawili tuliyaandika kwa mantiki ya wakati, ile ambayo mwanasayansi wa kompyuta Amir Pnueli aliiingiza kwenye ukaguzi wa programu mwaka 1977. Maneno ya mantiki hiyo ni machache: daima, hatimaye, hatua ijayo, mpaka. Kila sharti tukaligeuza kuwa mlinzi, yaani programu ndogo inayosoma matukio moja baada ya jingine huku kazi ikiendelea, na kutoa jibu moja kati ya matatu: limetimia, limevunjwa, bado.

Mlango ndio uliotuchelewesha. "Daima, mlango ukifunguka, hatimaye king'ora kilie." Tukachomoa waya wa king'ora, tukafungua mlango, tukangoja. Bado. Robo saa nzima, bado! Na mlinzi alikuwa sahihi, maana "hatimaye" haina ukomo. King'ora kinaweza kulia kesho. Hata kingelia, asingeweza kusema limetimia, kwa kuwa "daima" inadai na milango itakayofunguliwa baadaye. Sharti la namna hiyo linapendeza kwenye karatasi tu. Tukaandika upya: mlango ukikaa wazi sekunde 120 mfululizo, king'ora kilie ndani ya sekunde 5. Sekunde ya 125 mlinzi akatangaza limevunjwa.

Mchana umeme ukakatika, ukarudi baada ya dakika moja na nusu hivi. Kompresa ikawaka papo hapo. Skrini ya mlinzi, kijani, kana kwamba hakuna sharti lililovunjwa.

Mzee wa majokofu alikuwa ameshika bomba kwa kiganja. "Mwanangu, hii haijapumzika. Mlinzi wako amelala?"

"Hajalala, mzee. Amezaliwa sasa hivi."

Programu iliweka muda wa kuzimika kwenye RAM, ukafutika umeme ulipokatika. Mlinzi naye tulimweka kwenye bodi ileile, yaani kompyuta ndogo iliyoendesha programu, akaanza upya bila kujua kwamba kompresa iliwahi kuzimika. Saa ya bodi haikuwa na betri, hivyo mistari ya kwanza ya logi, kumbukumbu ya matukio, ilisomeka 1 Januari 1970 mpaka intaneti ilipoirekebisha. Tena logi iliandika "washa" amri ilipotolewa, si kontakta, swichi inayoipa kompresa umeme, ilipofunga.

Mlinzi tukamhamishia kwenye bodi yake yenye betri, akahesabu sekunde kwa kaunta isiyorudi nyuma, na waya wake ukatoka kwenye kontakti ya pembeni, swichi ndogo inayofunga na kufunguka pamoja na kontakta yenyewe. Programu tukaiamuru kwamba kila inapoanza ichukulie kompresa imezimika sekunde hiyohiyo.

Kabla ya kuiweka programu hiyo mpya, tuliiacha ya zamani makusudi, tuone kama mlinzi mpya ataikamata. Mzee akashusha swichi kuu, akahesabu hadi 90, akaipandisha. Kontakta ikagonga, skrini ikawa nyekundu.