Meneja hakamui, habebi, hapimi

Kila mkutano mkuu unapokaribia, katika chama chetu cha wafugaji hapa Pongwe huibuka hoja ile ile: meneja wa nini? Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia juzi, “Mwanangu, mimi nakamua, kijana wa bodaboda anabeba, binti pale mezani anapima. Huyu wa ofisini anafanya nini?” Nikamjibu, “Baba, anahakikisha nyinyi watatu mnakutana kabla maziwa hayajachacha.” Lakini swali lake linastahili jibu refu kuliko la kusimama njiani, na mimi ninayetunza hesabu za chama naona mambo ambayo mwanachama wa kawaida hayaoni.

Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, alilifikiria jambo hili maisha yake yote ya kazi. Aliingia kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry mwaka 1860 akiwa kijana wa miaka 19. Mwaka 1888 akakabidhiwa kampuni nzima, ikiwa ukingoni mwa kufilisika, na alipoiachia mwaka 1918 ilikuwa imesimama imara. Mwaka 1916 alichapisha aliyojifunza: kwamba kuendesha shirika ni kazi inayojitegemea, yenye sehemu tano, yaani kupanga, kuandaa watu na vifaa, kuagiza, kuoanisha na kudhibiti. Akasema pia kwamba kadiri mtu anavyopanda cheo, ufundi wa mikono unapungua umuhimu na uwezo wa kuendesha unaongezeka. Kwa hiyo mzee wangu anasema kweli, meneja hakamui. Hakuajiriwa akamue.

Kupanga hatuna shida nako. Mpango wa mwaka umebandikwa ukutani, una muhuri, unapendeza. Shida yetu, na ya vyama vingi ninavyovijua, ni kudhibiti. Watu wakisikia neno hilo wanafikiria polisi, wakati kwa kweli ni kulinganisha tulichosema na kilichotokea, halafu kurekebisha mapema. Mali bila daftari huisha bila habari, na wazee wetu hawakusubiri mkaguzi awaambie.

Chukua asubuhi moja pale kituoni. Keni inashushwa, binti anatumbukiza lactometa kuona kama maziwa yametiwa maji. Kisha anachukua maziwa kidogo, anayachanganya na kiasi hicho hicho cha alkoholi, anatikisa. Yakibaki laini yanaingia kwenye tanki yapozwe mpaka nyuzi 4. Yakifanya vibonge, mara nyingi yameshaanza kuchacha na hayatastahimili joto kiwandani, kwa hiyo yanarudishwa. Mfugaji ananuna, bodaboda analalamika, na zamani habari iliishia hapo.

Meneja tuliye naye alifanya jambo dogo sana: aliongeza safu kwenye daftari. Jina, njia, saa ya kufika, sababu ya kukataliwa. Kila Jumatatu anakaa nalo. Ndipo ikaonekana kwamba vibonge vilikuwa vinatoka kwa wingi kwenye njia moja, ile inayopita kando ya mashamba ya mkonge. Wafugaji wa kule si wachafu, kama tulivyokuwa tukinong'ona. Maziwa ya jioni yalikuwa yanalala nyumbani bila kupozwa, asubuhi yanamiminwa keni moja na yale mabichi, na bodaboda alikuwa akianza na nyumba za mbali halafu anazunguka na jua. Meneja akaita kikao cha njia ile tu, wakakubaliana maziwa ya jioni yabebwe keni yake, na mzunguko ukabadilishwa. Safu ile sasa ina nafasi nyingi tupu upande wa njia hiyo.

Hakuna aliyemwona akifanya kazi hiyo, kwa sababu ilifanyika kwa kalamu na kwa kuzungumza na watu. Nawaomba wanachama wenzangu waitazame hivyo kabla ya kunyoosha mikono kumkata mshahara.

Kuna jingine Fayol alilolisisitiza ambalo linatuuma moja kwa moja: mfanyakazi apokee amri kwa mkubwa mmoja. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwetu mjumbe wa bodi anapita mezani, anamwambia binti, “Pokea haya, ni ya jirani yangu,” wakati meneja amekwisha kusema yasipokelewe. Binti afanye nini? Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeuweka mkutano mkuu juu kabisa, na mkutano huo huchagua bodi iusimamie utendaji kwa niaba yetu. Kusimamia si kusimama mezani. Mjumbe mwenye neno alipeleke kwenye kikao, meneja aulizwe, ajibu, na likiamuliwa limfikie binti kwa mdomo mmoja.

Mkutano ujao bodi inaleta pendekezo la tanki la pili. Silipingi. Nimemwandikia mwenyekiti kuomba kwamba kabla ya kura, safu ya maziwa yaliyokataliwa isomwe njia kwa njia, na meneja apewe muda wa kuieleza mwenyewe. Bado nasubiri jibu lake.