Waliniomba karatasi ya kipimo ambacho sikupimwa

Hii ilikuwa mwisho wa 2021, wiki kadhaa tu baada ya WHO, Shirika la Afya Duniani, kutoa maelezo yao ya korona ya muda mrefu, yani dalili zisizoisha baada ya kuumwa korona, Oktoba ile. Mimi niliumwa Aprili 2020, na walioumwa kipindi kile wanajua ilivyokuwa, vipimo walipimwa waliolazwa, sisi tulioweza kuhema wenyewe tukaambiwa tubaki ndani, tumeze paracetamol, tusimsogelee mtu. Nikabaki ndani. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, ila nguvu ndo hazikurudi mpaka leo naandika hapa.

Nilipopata miadi ya kliniki ya korona ya muda mrefu nilianza kujiandaa siku kadhaa kabla, na kujiandaa kwenyewe ni kulala tu, kuoga nimekaa, kutoongea sana, yani natunza nguvu za kwenda kumwambia daktari kwamba sina nguvu. Dada yangu ndo alinisindikiza, kabeba faili langu na karatasi zake za kuprinti, mimi nimebeba maji.

Mapokezi tukaulizwa majibu ya PCR, kile kipimo cha kuonyesha una korona. Nikasema sikupimwa. Yule kaka akageuza kompyuta kidogo tuione, akatuonyesha kuna kisanduku kinataka tarehe ya majibu ya pozitivu, bila hiyo faili halifunguki. Hakuwa na ubaya kwa kweli, aliongea kwa upole kabisa, akauliza hata kama nilipima kingamwili, zile kinga zinazobaki kwenye damu, lakini nilikuwa nimeshachanja na kipimo walichokuwa nacho hakitofautishi kingamwili za chanjo na za ugonjwa. Basi dada akatoa karatasi yake, "Kaka, naomba usome hapa." Maana maelezo ya WHO hayadai cheti, yanasema mtu aliyethibitishwa au anayedhaniwa kuwa aliambukizwa, kwa kawaida miezi 3 tangu aanze kuumwa, dalili zimedumu angalau miezi 2 na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Kaka akasoma yote mpaka mwisho, akasema dada nimekuelewa ila kompyuta haijaelewa, nendeni kwa daktari wa kawaida akiandika yeye tutaona.

Kwa daktari kuna foleni, na kipindi kile viti nusu vilikuwa vimebandikwa utepe wa gundi wenye alama ya X watu wasikae karibu karibu, kwahiyo waliowahi wamekaa na wengine tumesimama ukutani. Mtu mzima mwenye afya hata hawezi kuona tatizo liko wapi hapo. Mimi moyo ukaanza kukimbia, masikio yanavuma, jina langu likaitwa nikachelewa kujua ni langu.

Daktari akapitia majibu ya nyuma. Damu safi, eksirei ya kifua safi, kipimo cha moyo safi, akanibana kile kidude kidoleni, oksijeni 98. "Ni wasiwasi tu, utaisha. Anza mazoezi kidogo kidogo." Alikuwa ananitakia mema najua, lakini mazoezi kidogo kidogo ndo yalikuwa yamenilaza kitandani mara zote, maana mwili huu haukudai palepale, unakuachia utembee ufurahi alafu kesho yake au keshokutwa unazima kama simu iliyoisha chaji. Kumweleza hayo yote kwa mpangilio, kichwa kimejaa ukungu, na nyuma yako watu wanasubiri, sikuweza. Nikasema asante dokta.

Nilivyotoka nikateleza na ukuta nikakaa chini kwenye korido. Dada akaanza kutafuta kiti huku analalamika kwa sauti, na nadhani ni ile sauti ndo ilimleta nesi mmoja. Akachuchumaa, akashika mkono wangu akahesabu mapigo, akauliza, "Ukisimama unajiskiaje?"

Jamani. Muda wote huo hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, kila kipimo nimepimwa nimelala au nimekaa, na nikikaa mimi ni mzima!

Akanilaza chumba cha pembeni nipumzike kwanza, akapima presha na mapigo: 74. Alafu akanisimamisha, mgongo ukutani, visigino mbele kidogo, nisiongee nisichezeshe miguu, kwa dakika 10, kila dakika anapima anaandika. Dakika ya kwanza 96. Ya tano 112. Ya nane 119, mikono inatetemeka, miguu imekuwa mizito na mishipa imetuna, presha yenyewe haijashuka. Akaniambia kwa mtu mzima mapigo yakipanda 30 au zaidi ndani ya hizo dakika 10 na presha isishuke, hicho sio kitu cha kumwambia mtu ana wasiwasi. Gharama ya kipimo hicho ni ukuta, saa, na mashine ya presha.

Daktari akaitwa, akasoma ile karatasi, akarudia kusoma, akauliza mazoezi huwa yananifanyaje, safari hii dada ndo akajibu. Akaandika rufaa. Kwa sababu presha yangu haikuwa juu akasema niongeze maji na chumvi, nivae soksi za kubana, na mazoezi niachane nayo kwanza.

Keshokutwa yake nililipa deni lote, sikuinuka kitandani karibu wiki. Yule kaka wa mapokezi akapiga simu mwenyewe kusema faili limefunguka, sijui kisanduku walikifanyaje, na miadi yangu ya kwanza ni lini nifike saa ngapi. Nikamuomba iwe kwa simu. Akasema fomu haina sehemu ya kuchagua simu. Nikamwambia basi kaka andika kwa kalamu hapo pembeni, nikamskia anatafuta kalamu, akaandika.