Mtoto wa Meza

Masika ya mwaka 1994 mvua haikukatika, na mbao zote za karakana ya mjomba, pale Mkunazini mjini Zanzibar, zilifura. Hata meza ya msaji iliyokwisha kupigwa vanishi, mtoto wake aligoma kutoka.

Aliyeiagiza alikuwa maalim mstaafu wa Kiingereza. Alishika kishikio, akavuta, wapi!

"Fundi, droo imekwama."

"Mtoto wa meza huyo, Maalim," mjomba akamjibu, huku anaitafuta randa.

Nilikuwa na miaka 13, na shuleni tulifundishwa kwamba "draw" ni kuchora, basi. Nikauliza: "Shikamoo Maalim. Sasa hiyo droo inachora nini?"

Hakunicheka. Alipangusa vumbi la mbao kwenye benchi, akakaa. Akaniambia Waingereza wa kale walisema "dragan", yaani kuvuta. Ile g ya katikati ikalainika kidogo kidogo hadi ikawa w. Ndugu yake, "drag", kuburura, akabaki na g yake. Wavikingi, mabaharia wa kaskazini mwa Ulaya waliohamia Uingereza katika karne ya 9, nao walikuwa nalo, "draga". Kwa hiyo droo ni kitu cha kuvutwa. Droo ya bahati nasibu ni kuvuta tikiti mfukoni. Hata drafti wanayocheza wazee barazani imetoka humo humo: kila hatua ni kete kuvutwa.

"Na kuchora?"

Akachukua penseli ya mjomba, akaiburura taratibu juu ya kipande cha ubao. "Anayechora anavuta mkono. Tazama."

Mjomba akasimamisha randa. "Kwetu sivyo, Maalim. Mwambie fundi wa milango achore, atashika patasi. Kuchora ni kukata mti."

Maalim alinyamaza kitambo. Kisha akasema amesomesha neno lile umri wake wote, na hilo hakuwahi kuliwaza. Mimi nimeliwaza tangu siku ile: kazi moja, Waingereza wakautazama mkono unavyokwenda, wazee wetu wakaitazama alama inayobaki kwenye mti. Sioni aliyekosea.

Mtoto alipokubali kutoka, tukaipakia meza, mimi nikashika mbele, tukashika njia ya Kikwajuni. Tulipofika Mnazi Mmoja, Maalim akauliza:

"Hicho ulichoshika kinaitwaje?"

"Mkokoteni."

"Na unaufanya nini?"

"Nauko..." Nikasimama katikati ya njia, mvua inaanza kudondoka. "Naukokota, Maalim!"